Mgeni wa z/VM amekuwa mzito: kutafuta kosa kwenye diski za kuigiza

IBM ilitoa diski ya 3390 mwaka 1989. Ile yenyewe, yenye sahani zinazozunguka, imeshaondoka kwenye vyumba vya mashine, lakini jina na vipimo vyake vimebaki: traki 15 kwa kila silinda, baiti 56,664 kwa kila traki. Anayeitika leo ukiita 3390 ni programu iliyo ndani ya kabati la storeji, na nyuma yake kuna flashi au diski za kawaida zilizofungwa pamoja. Kwa hiyo kwenye meinifremu kila diski ni ya kuigiza. z/VM ni mfumo wa IBM unaoendesha seva nyingi za kuigiza, yaani wageni, ndani ya meinifremu moja; hapa mgeni ni Linux. Malalamiko ya "seva imekuwa nzito" ambayo hunifikia karibu yote hurudi kwenye swali moja: gharama ya kuigiza huku analipa nani?

Ukitumia ECKD, yaani diski za silinda na traki kama 3390, mlipaji ni kabati la storeji pamoja na mfumo wa chaneli, yaani njia za meinifremu za kufikia vifaa. Ukitumia EDEV, yaani LUN (kipande cha storeji) ya SCSI ambayo CP, moyo wa z/VM, inaivalisha sura ya diski ya FBA (ya bloku zenye ukubwa mmoja) aina ya 9336, mlipaji ni CP, na CP hulipa kwa prosesa zako. Ukimpa mgeni FCP (chaneli ya nyuzi inayobeba amri za SCSI) moja kwa moja, Linux yenyewe ndiyo inayozungumza SCSI na CP inakaa pembeni. Ukiendesha Hercules, programu inayoigiza meinifremu nzima, kwenye laptop, unalipa kwa prosesa na diski ya laptop hiyo hiyo. Ukimjua mlipaji, nusu ya kazi imekwisha.

Kabla hujagusa kitu, chukua vipimo wakati tatizo liko hai, si asubuhi ya kesho yake mambo yameshatulia. Ndani ya Linux: `iostat -dx 5`, kisha `top`, na uangalie safu ya `st` (muda ambao mgeni alitaka prosesa lakini hakupewa). Upande wa z/VM: `INDICATE LOAD`. Hifadhi matokeo kwenye faili. Nimeona watu wakibadilisha mipangilio mitano kwa usiku mmoja, na kulipokucha hakuna aliyejua ni upi uliosaidia na upi ulioharibu.

Dalili: diski moja imezidiwa, prosesa zimelala

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi. Ripoti ya hesabu iliyokuwa ikichukua dakika ishirini sasa inachukua saa nzima, na bado prosesa ziko chini ya asilimia kumi. Kwenye `iostat` unakuta mstari wa namna hii: `dasdb`, foleni 14, kusubiri milisekunde 38, matumizi asilimia 99.8.

Usome mstari huo polepole. Maombi 14 yapo kwenye foleni na kila moja linamalizika baada ya milisekunde 38. Gawanya 38 kwa 14, unapata kama 2.7. Maana yake diski yenyewe inajibu vizuri tu, kwa milisekunde 2.7 kwa ombi. Kinachoua ni kusubiri zamu. Kwenye usanifu wa meinifremu, namba moja ya kifaa hubeba ombi moja kwa wakati mmoja. Hata ukinunua flashi ya kasi kuliko zote, foleni itaendelea kupita mlango mmoja.

Ukitaka kuhakikisha, washa takwimu kwa `dasdstat -e dasdb`, iache dakika kadhaa, halafu usome. Muda ukiwa umelundikana sehemu ya kabla ya `ssch` (amri ya kuanzisha ombi), foleni iko ndani ya Linux na kisa ni hiki. Muda ukiwa kati ya `ssch` na `irq` (ishara kwamba ombi limejibiwa), uchelewesho uko nje ya mgeni, kwa CP au kwenye storeji. Kipimo hiki kimoja kimeniokoa kwenye mabishano mengi na watu wa storeji.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni diski moja kubwa kubebeshwa kila kitu. Mtu ameomba gigabaiti 200, akapewa kifaa kimoja cha gigabaiti 200. Angalia hilo kwanza kwa `lsdasd`. Tiba ni kuomba vifaa vinne au vinane vidogo na kuviunganisha kwa LVM ya Linux yenye mistari, yaani data ikipangwa kwa zamu kwenye diski zote, kwa mfano `lvcreate -i 4 -I 64`, ili maombi yagawane milango. Kumbuka kwamba LVM ya kuunganisha tu bila mistari haisaidii, kwa sababu inajaza diski ya kwanza kabla ya kuigusa ya pili.

Sababu ya pili, kwa ECKD, ni kukosa HyperPAV. Hapa kabati linatoa namba za ziada zinazoazimwa na diski yoyote yenye foleni. `QUERY PAV ALL` itakuonyesha kama zipo. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni hili: z/VM inazo, lakini mgeni hana. CP inazitumia kuwapitisha wageni tofauti wenye minidiski (vipande vya diski ambavyo CP huwagawia wageni) kwenye voliyumu moja, yaani diski nzima moja, ila mgeni mwenyewe bado anaona mlango mmoja mpaka umpe namba zake kwa `DEFINE HYPERPAVALIAS`, na minidiski yake iwe imechukua voliyumu nzima.

EDEV haina HyperPAV ya kumpa mgeni. Kwa hiyo mwenye hifadhidata nzito juu ya EDEV ana mambo mawili: agawanye kwenye EDEV nyingi, au ahamie FCP. Mimi humshauri ahame.

Dalili: prosesa zinapanda kila diski ikifanya kazi

Hapa mgeni anaona `st` ikipanda kwenye `top`, na msimamizi wa z/VM anaona uwiano wa T/V umevimba. T/V ni muda wote wa prosesa uliotumika kwa ajili ya mgeni, ukigawanywa kwa muda ambao mgeni alikuwa anafanya kazi zake mwenyewe. Ikiwa 1.05, CP inachukua kidogo sana. Ikifika 1.5, kwa kila sekunde mbili za kazi ya mgeni CP inatumia sekunde moja ya ziada kumhudumia. Leseni za programu kwenye mashine hizi hufuata prosesa, kwa hiyo hiyo ni hela halisi.

Mshukiwa wa kwanza ni EDEV yenye maombi mengi madogo. Fuatilia ombi moja. Linux inaandika kana kwamba inazungumza na diski ya 9336. CP inalisimamisha, inatafsiri anwani za kumbukumbu, inatengeneza amri ya SCSI, inaipeleka kwa kadi ya FCP, inapokea jibu, halafu inamjibu mgeni kana kwamba 9336 ndiyo iliyojibu. Safari hiyo hufanyika kwa kila ombi, liwe la kilobaiti 4 au 256. Kwa hiyo ukubwa wa ombi ni muhimu kuliko jumla ya megabaiti.

Anza na vitu vyepesi. Weka `noatime` kwenye mifumo ya faili ili kila kusoma kusizae kuandika. Angalia kama kuna programu inayolazimisha kila mstari wa logi uandikwe papo hapo. Angalia swapu: kama mgeni anaswapu kwenye EDEV, mhamishie VDISK, diski ya FBA inayokaa ndani ya kumbukumbu ya z/VM.

Hatua inayofuata ni DIAG. Diski za FBA, na zile za ECKD zilizofomatiwa kwa mpangilio wa LDL au wa CMS (mfumo mwepesi wa z/VM wa mtumiaji mmoja), zinaweza kutumia njia fupi ya `DIAGNOSE X'250'` badala ya programu kamili za chaneli. Unazima kifaa kwa `chccwdev -d`, unaandika 1 kwenye faili ya `use_diag` ya kifaa hicho ndani ya `/sys/bus/ccw/devices`, kisha unakiwasha tena. Diski ya mpangilio wa CDL haikubali njia hii, na wengi wanaopata hitilafu hapa wamesahau hilo.

Baada ya hapo kinachobaki ni kumpa mgeni FCP moja kwa moja. Siwaambii watu wahamishe kila kitu. EDEV ina raha zake: CMS inaisoma, z/VM yenyewe inaweza kukaa juu yake, na njia nyingi za kwenda kwenye storeji zinasimamiwa mahali pamoja badala ya kusanidiwa ndani ya kila Linux. Kwa seva ndogo thelathini ambazo diski zake hazina shughuli, EDEV ni chaguo zuri kabisa. Mgawanyo wangu ni kuacha diski ya mfumo kwenye minidiski na kupeleka data ya hifadhidata kwenye FCP.

Onyo: usimpe mgeni kwa FCP ile ile LUN ambayo bado imefafanuliwa kama EDEV. Wawili wataandika bila kujuana na data itaharibika kimya kimya. Kama hujui jinsi LUN zilivyogawanywa, au hujui kama NPIV (inayompa kila mgeni jina lake mbele ya kabati) imewashwa, simama hapo umwite mtu wa storeji. Bila NPIV, wageni wanaotumia chaneli moja ya FCP wanaonekana kwenye kabati kwa jina moja, na ugawaji hauwezi kuwatenganisha.

Dalili: kusoma kumekuwa kwa polepole, na hakuna kilichobadilishwa

Karibu kila mara kuna kilichobadilishwa. Angalia `INDICATE LOAD`, mstari wa `MDC`, wenye neno `HIT RATIO`. MDC ni akiba ya z/VM ya vilivyosomwa kwenye minidiski. Inasaidia kusoma tu, kuandika kunapita hadi kwenye diski.

Uwiano ukiwa umeanguka, sababu ya kwanza ni kumbukumbu kubanwa: wageni wameongezwa, MDC imenyang'anywa nafasi. `QUERY MDCACHE` itakuambia imebakiwa na kiasi gani. Ya pili, mtu ameandika `MINIOPT NOMDC` (kuzima MDC) kwenye saraka ya mgeni, yaani orodha ya z/VM ya vifaa vyake. Ya tatu, diski imehamishwa kutoka minidiski kwenda kifaa kilichotengwa au FCP, na huko MDC haipo kabisa.

Ya nne ni adimu, ila mimi iliniumiza. Katika kituo kimoja nilichofanya kazi tuliongeza minidiski kwenye EDEV, na zile mpya zikawa nzito kuliko za zamani zilizokuwa kwenye LUN hiyo hiyo. Siku mbili tulikuwa tunalaumu storeji. Mwenzangu wa zamu ndiye aliyefungua saraka akaweka kidole kwenye skrini: "Kaka, hebu igawanye hiyo namba kwa nane." Mstari ulikuwa hivi:

`MDISK 0201 FB-512 1000004 4194304 LNX001 MR`

Bloku za FBA ni za baiti 512, kwa hiyo bloku nane hufanya ukurasa mmoja wa kilobaiti 4. 1,000,004 haigawanyiki kwa nane, inabaki nne. Ukurasa wa kwanza wa Linux ulikuwa umelala nusu kwenye ukurasa mmoja wa CP na nusu kwenye unaofuata, na kila ukurasa uliofuata vivyo hivyo. MDC inafanya kazi kwa kurasa, na minidiski ya FBA inatakiwa ianzie kwenye zidisho la nane na ukubwa wake uwe zidisho la nane. Aliyeandika namba ile alikuwa ameanzia pale ilipoishia minidiski ya jirani, bila kusogea bloku nne mbele.

Usirekebishe kosa hili kwa kubadilisha namba ya kuanzia kwenye saraka. Ukifanya hivyo data inabaki pale pale na mgeni anaanza kusoma mahali pengine, na diski itaonekana imeharibika. Tengeneza minidiski mpya iliyopangwa sawa, nakili data, thibitisha, ndipo uiondoe ya zamani.

Kuna na upande wa pili. Linux ina akiba yake ndani ya kumbukumbu yake, na MDC inaweza kuwa inaweka nakala ya kitu kile kile. Diski inayosomwa na wageni wengi, kama ile ya `/usr` iliyoshirikiwa, MDC inaifaa sana. Diski ya hifadhidata ya mgeni mmoja, yenye akiba yake kubwa, izimie MDC na kumbukumbu hiyo wape wengine.

Dalili: diski "imepungua"

Mtu ameomba 3390 ya modeli 9, akaambiwa ni gigabaiti 8.5, na `df` haimpi hata 7.4. Hajaibiwa. Silinda 10,017 mara traki 15 ni traki 150,255. Ukizidisha kwa baiti 56,664 unapata gigabaiti 8.51 ambazo hutazipata kamwe, kwa sababu kila rekodi inahitaji nafasi ya kuitenganisha na jirani yake. Kwa bloku za 4,096, traki moja hubeba 12, na jumla ni gigabaiti 7.39. Kwa bloku za 512, traki hubeba 49 tu, na jumla inashuka hadi gigabaiti 3.77.

Ukikuta zaidi ya nusu imepotea, basi ni hiyo ya mwisho. `lsdasd` inaonyesha ukubwa wa bloku. Na nafasi si hasara pekee, kasi nayo imeanguka. Tiba ni kunakili data pembeni na kufomati upya kwa `dasdfmt -b 4096`. Amri hiyo inafuta kila kitu. Soma namba ya kifaa mara mbili, na kama nakala rudufu haijajaribiwa kurejeshwa, usibonyeze.

Dalili: `dasdfmt` inakataa diski

Ni FBA. EDEV na VDISK hazifomatiwi kwa `dasdfmt` wala hazigawanywi kwa `fdasd`. Sehemu moja, kwa mfano `/dev/dasdb1`, ipo tayari. Nenda moja kwa moja kwenye `mkfs` au `mkswap`.

Dalili: wageni wote wanazubaa kwa pamoja

Mmoja akizubaa, tazama diski yake. Wote wakizubaa kwa sekunde zile zile, tazama kwanza kurasa za z/VM yenyewe, yaani vipande vya kumbukumbu inavyovihamishia diskini nafasi ikibanwa. `INDICATE LOAD` inaonyesha kasi ya kurasa, na `QUERY ALLOC PAGE` inaonyesha voliyumu za kurasa zimejaa kiasi gani. Desturi ya z/VM ni kutoziacha zipite nusu, ili CP ipate nafasi zilizofuatana za kuandika kurasa nyingi kwa mkupuo. Zikijaa, inaandika vipande vipande na kila mtu anahisi.

Angalia pia kama kuna minidiski ya mtu iliyowekwa kwenye voliyumu ya kurasa. Hutokea pale nafasi inapokuwa finyu, "kwa muda tu", na muda huo hauishi. Iondoe. Voliyumu za kurasa ziwe nyingi, za ukubwa mmoja na aina moja. Usichanganye ECKD na EDEV. Kama zote ni EDEV, kumbuka kwamba CP iliyobanwa ndiyo hiyo hiyo inayoigiza diski inazozihitaji ili ijinasue. Kama kuna ECKD kidogo kwenye kabati, iende hapa kabla ya mahali pengine popote.

Dalili: diski inaganda nusu dakika, kisha inaendelea

Hii si ya kasi, ni ya njia. Mshukiwa ni njia moja ya FCP iliyokufa, nyaya au swichi. Kwa EDEV tumia `QUERY EDEVICE 0500 DETAILS` uhesabu njia zilizo hai na uangalie kama aina ya kabati iliyoandikwa ndiyo iliyopo kweli. Kwa FCP ndani ya Linux, `lszfcp -D` na `multipath -ll`. EDEV yenye njia moja tu ni kosa la usanidi hata kama leo inafanya kazi. Ongeza ya pili, kupitia kadi nyingine na swichi nyingine.

Simama na uite mtaalamu ukiona mojawapo ya haya: makosa yanarudi kwenye njia zaidi ya moja, mfumo wa faili umejigeuza wa kusoma tu, au voliyumu za mfumo wa z/VM zimeguswa. Usizime EDEV na kuiwasha ukijaribu bahati, na usifanye `fsck` wakati njia bado zinakatika. Wapelekee watu wa storeji ujumbe wa konsoli wenye saa yake, pamoja na ripoti ya EREP (kumbukumbu za makosa ya vifaa).

Dalili: MVS kwenye Hercules inatambaa

Hii ni ya wanaojifunza nyumbani, na nawathamini sana, kwa sababu wengi wetu tuliushika mkono wa MVS, mfumo wa uendeshaji wa meinifremu wa IBM, kwa mara ya kwanza namna hii. Roger Bowler alianzisha Hercules mwaka 1999, na hadi leo ndiyo njia rahisi ya kukutana na MVS 3.8j bila kuwa na meinifremu.

Kwanza tazama faili za diski zinakaa wapi. Flashi ya USB, folda ya mtandao, au folda ambayo kizuia virusi kinaikagua kila inapoguswa, zote zinaua kasi. Zihamishie kwenye SSD ya ndani. Pili, faili za CCKD zimebanwa: traki ikisomwa inafumuliwa, ikiandikwa inabanwa upya na huenda ikahamia mahali pengine ndani ya faili, ikiacha mashimo. Kwa diski ya kazi inayoandikwa muda wote, tumia faili ya CKD isiyobanwa, na CCKD uiachie diski zinazosomwa zaidi. Tatu, faili za kivuli, zinazoshika mabadiliko pembeni ya faili ya asili: kila moja unayoirundika inaongeza mahali pa kutafuta traki. Ukiridhika na mabadiliko, yaunganishe kwa `sf-`.

Diski iliyojaa mashimo ipitishe kwenye `cckdcomp`, na kama laptop ilizimika ghafla anza na `cckdcdsk`. Zote mbili ziendeshe Hercules ikiwa imefungwa kabisa, juu ya nakala. `cckdcdsk` ikiripoti makosa na huna nakala, usiirudie rudie ukitumaini itapona. Nakili faili ilivyo, iweke pembeni, na uwaonyeshe wanaoijua CCKD kwa ndani kabla hujaandika baiti nyingine.